Umbali wa Muhogo Mmoja

Mama mkwe wangu, Bi Sikudhani, hana saa mkononi, na ile ya ukutani ilikufa zamani. Muda anaupima kwa muhogo. Hukaa kwenye kibao nyuma ya nyumba yake, akalichana ganda kwa urefu, kisha akalikunjua taratibu kama anayemvua shati mtoto aliyelala. Ndege ikipita juu ya mkorosho wake, imeinama, magurudumu yamekwisha kutoka tumboni, yeye huchukua muhogo mpya na kuanza kuumenya. Akiutupa kwenye beseni husema, "Imetua."

Ameifanya hesabu hiyo tangu alipoletwa nyumba ile bibi harusi. Hakuna aliyewahi kwenda kiwanjani kuihakikisha, nani aende? Kwake yeye, kutoka Kisarawe mpaka kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam ni muhogo mmoja, tena wa kadiri, si mnene. Wanawe aliwaambia hivyo tangu wadogo, wakakua wanajua hivyo.

Alizaliwa Masaki, hii ya kwetu Kisarawe, si ile ya matajiri wa mjini. Anasema alipokuwa msichana, ndege ikipita alikuwa anainama shambani na jembe lake, akidhani itamparaza kichwa. Siku hizi hainui hata macho, ila akiwa na hesabu yake. Mume wake, marehemu Mzee Mwinshehe, alikuwa mpasua mbao. Maisha yake mengi aliyamalizia Utete na misitu ya huko, nyumbani akija kama mgeni, na mihogo na watoto vikabaki kwa mkewe. Alizaa watano. Waliobaki ni wawili: Twalibu, mume wangu, na Hamidu, fundi simu, mwenye kibanda pale karibu na stendi.

Mimi nakaa Pangani ya Kibaha, si Pangani ya Tanga. Twalibu aliezeka vyumba viwili, vingine vimeishia kwenye lenta vinaota nyasi. Ukitazama ramani, Kibaha na Kisarawe zimepakana kama vyumba vya nyumba moja, ila mlango wa kupitia katikati hakuna wa maana. Ile njia ya Mlandizi mvua ikinyesha inakuwa shamba la mpunga. Kwa hiyo nikimpeleka mtoto kwa bibi yake nazunguka Mbezi, nakuja Kinyerezi, natokea Pugu, ndipo napanda mlima. Naingia Dar es Salaam ili nitoke Dar es Salaam. Nikifika, mgongo umekwisha, na mtoto naye ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza barabara.

Mtoto ni Rukaya. Wakati ninaousema alikuwa ameanza kukaa mwenyewe bila mto. Baba yake alikuwa hajamwona, na kichwa chake kilikuwa hakijaguswa na wembe. Mambo hayo mawili ni jambo moja.

Kwa ukoo wa mume wangu, nywele anazotoka nazo mtoto tumboni hazinyolewi mpaka baba yake aziloweshe kwa mkono wake mwenyewe. Maji yatoke kwenye mtungi wa nyumba, na mtoto awe amepakatwa kizingitini. Kwetu Gwata, nilikozaliwa mimi, mtoto ananyolewa siku ya saba, watu wanakula wanatawanyika. Mwalimu wa madrasa alikwisha kumwambia Bi Sikudhani kwamba siku ya saba ndiyo sunna, na baba kuwepo si sharti. Alimsikiliza kwa adabu, akaitikia "naam, mwalimu" kila penye kuitikia, akamfungia mihogo ya kupeleka kwa mkewe, kisha akafanya lake.

Twalibu ni fundi bomba wa kampuni moja ya ujenzi. Aliondoka kwenda Mtwara mimi nikiwa na mimba kubwa, na mkataba ulisema hakuna likizo mpaka mwaka uishe. Rukaya akazaliwa na nywele nyingi, nyeusi, zimejikunja. Zikaongezeka. Joto lilipopanda, ngozi ya kichwa ikafanya vipele. Usiku anajikuna, analia, namwogesha kichwa kwa maji ya mwarobaini, analala kidogo, anaamka. Mimi nilikuwa nalala vipande vipande, kama kanga ya viraka. Nilikuwa nimechoka uchovu ule ambao hata ukipewa kitanda, mwili unasahau namna ya kulala.

Jirani, Bi Mwamvita, shoga yake Bi Sikudhani tangu unyago, alikuwa hapiti bila neno.

"Siku, mjukuu wako huyo kuku watamtagia kichwani."

"Wakitaga tutakula mayai," Bi Sikudhani anajibu. "Wewe wa kwako wamenyolewa wote, mbona hujatuletea hata yai moja?"

Wanacheka, mimi nacheka nao, mkono wangu uko kichwani kwa mtoto unapapasa vipele.

Alhamisi moja nilikuwa Kisarawe, Twalibu akapiga simu. Bi Sikudhani huiweka simu kwenye sauti kubwa, kwa sababu anaamini sikio moja halitoshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mzima?"

"Mzima. Mama, kampuni inanihamisha. Jumamosi nakwenda Bukoba."

"Bukoba ipi?"

"Bukoba ya Kagera. Iko hiyo hiyo moja."

Mama mkwe akaweka kisu chini. "Kutoka Mtwara mpaka Bukoba. Si ndiyo pembe na pembe?"

"Ndiyo hivyo. Wamenikatia ndege, Jumatatu niwe kazini."

"Inakwenda moja kwa moja?"

"Haipo ya hivyo. Napanda Mtwara, nashuka Dar. Pale nasubiri. Halafu nyingine, inagusa Mwanza, ndipo Bukoba."

"Yaani wewe utapita hapa."

"Nitapita, mama."

Jioni Hamidu alipokuja alikuta hatuna habari nyingine. Akatoa simu yake, akavuta mstari kwenye ramani kwa kidole, kutoka kusini kabisa mpaka kule juu kwenye ziwa. Bi Sikudhani akainamia kioo kama anayechungulia kisima.

"Moja kwa moja ni kilomita elfu moja mia tatu na kitu," Hamidu akasema. "Kwa kupita Dar na Mwanza ni elfu moja mia nne na ushee. Kumbe hazunguki sana, shemeji. Mimi nilidhani anazungushwa kama wewe na Kibaha yako."

"Sasa mbona anasema ni siku nzima?" nikauliza.

"Angani ni kidogo. Mtwara kuja Dar saa moja hivi. Dar na Mwanza saa moja na nusu. Mwanza na Bukoba haifiki saa. Iliyobaki yote ni ya kukaa kwenye kiti na begi mapajani."

"Hapa kwenye kiti cha Dar anakaa kiasi gani?" akauliza mama mkwe.

"Anatua saa tatu asubuhi, anaondoka saa saba mchana."

Nilimwona mama mkwe alivyobadilika. Aliinuka kwenye kibao bila kushika goti, kitu ambacho alikuwa hakifanyi siku hizi.

"Basi anakuja nyumbani. Analowesha kichwa cha mtoto, anakula, anarudi kwenye ndege yake."

Hamidu akanitazama, mimi nikamtazama mtoto. Njia ile naijua, naipita. Kuanzia Pugu kushuka Gongo la Mboto mpaka kiwanjani walikuwa wameifukua kwa ujenzi, upande huu umefungwa, upande ule ni mchanga, mvua ikinyesha ni tope na madimbwi yasiyojulikana kina. Twalibu aliondoka kabla hawajaifukua.

"Mama," nikasema, "na kama tungemfuata sisi? Tukakae pale nje ya kiwanja, akitoka amkute mtoto."

"Kichwa cha mtoto hakiloweshwi barabarani kama fungu la mchicha, mwanangu. Halafu kuna umbali gani? Ni muhogo mmoja."

Nilisema mara moja. Ya pili ingekuwa ubishi, na mkwe habishiwi kwenye nyumba yake. Hamidu aliguna tu, "Haya, mama," akatia simu mfukoni.

Ijumaa, baada ya alasiri, tulikuwa tunasugua mtungi. Mtungi wenyewe ni wa udongo, mweusi chini, umekaa pembeni mwa mlango kabla hata Twalibu hajazaliwa. Bi Sikudhani aliusugua kwa majivu, mimi nikamwagia maji. Rukaya alikuwa amekaa kwenye mkeka anapiga kifuniko cha sufuria. Bila kuulizwa, mama mkwe akasema:

"Kabla ya Twalibu kulikuwa na Jabiri."

Nilijua jina, kwa kuwa hutajwa kwenye dua. Zaidi ya jina nilikuwa sijui.

"Baba yake alikuwa Utete. Nilingoja. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kichwa cha mtoto kikawa kama cha huyu, vipele, hakuna kulala. Nilichoka. Unajua nilivyochoka, maana nakuona. Siku moja nikachukua wembe nikamnyoa mwenyewe. Akalala mchana kutwa, na mimi nikalala." Akageuza mtungi, akasugua upande wa pili. "Hata kabla baba yake hajarudi, ikaja surua. Haikumwacha."

"Pole, mama."

"Ilikuwa surua. Ilichukua watoto watatu mtaa huu, na hao wengine walinyolewa na baba zao. Najua. Usidhani sijui. Lakini mkono uliotoa nywele ni huu, na kila nikiufungua nauona."

Tulisuuza mtungi mara tatu, tukaurudisha mahali pake, akaujaza maji ya kisimani, si ya bomba. Usiku ule Rukaya alipoanza kujikuna sikununa kama siku nyingine. Nilikaa naye nikimpepea kichwa kwa kawa, nikijua kwamba chumba cha pili kuna mtu naye macho yako wazi.

Jumamosi mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Si ile ya radi. Ilikuwa ile ya kunyesha bila hasira, isiyo na mpango wa kuacha. Mama mkwe alipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, akachambua kisamvu, akapangusa kizingiti kwa kitambaa kibichi. Nilimwogesha Rukaya, nikamvika gauni la njano. Halafu mama mkwe akahamisha kibao chake mpaka chini ya upenu, pale anapoweza kuona mkorosho, akaweka beseni na fungu la mihogo, akaanza kumenya.

Saa tatu ikapita. Hakuna ndege.

Bi Mwamvita alikuja amejitanda turubai, akajikunyata karibu yetu. "Vipi, bwana mkubwa hajashuka kwa kamba?"

"Mvua inamchelewesha."

"Au rubani ameona nywele za mjukuu wako akadhani ni mawingu, ameogopa kupita."

"Mwamvita, menya muhogo au nenda kwako."

Akachukua kisu akamenya. Twalibu akapiga: bado yuko Mtwara, ukungu, ndege imekaa, wanaambiwa wasubiri. Tukasubiri. Mihogo ilikuwa imekwisha kujaza beseni la kwanza na haikuwa na mnunuzi, siku yenyewe hakuna soko kwa mvua ile. Nikaona anaendelea kumenya tu, kwa kuwa angeacha angekuwa hana saa. Simu ya Twalibu ikawa haipatikani. Hamidu, aliyekuwa hajafungua kibanda, akasema hiyo ni dalili njema, yuko hewani.

Mama mkwe akatulia na muhogo mmoja mkononi, mzima, na kisu kimeegemea ganda. Alikuwa anasubiri ndege ipite ndipo aanze. Shingo ameinyoosha kuelekea mkorosho. Mvua inadondoka kwenye bati. Rukaya amelala mapajani kwangu, jasho la kichwa limelowesha kanga yangu.

Ndege haikupita. Simu ikalia.

"Mama, nimetua. Nasubiri begi."

Aliutazama muhogo ule ambao hajaugusa. "Umetua wapi? Mbona hukupita hapa?"

"Wametuingizia upande wa mjini, mama. Upepo."

Hamidu akasema masika upepo ukigeuka na ndege hugeuka, na sisi wote tulikuwa tunalijua hilo, kwa kuwa kila mwaka kuna miezi ambayo huku kwetu zinapita zinazoruka badala ya zinazotua. Tulilijua, ila siku hiyo hakuna aliyelikumbuka. Mama mkwe akaurudisha muhogo kwenye fungu. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuogopa, maana alikaa na mikono imelala magotini, viganja chini.

Ilikuwa saa nne na nusu imepita. Hamidu alipiga hesabu kwa sauti ya chini, akinigeukia mimi. Begi, saa tano. Bodaboda kuja, hata ikikimbia ni nusu saa na zaidi kwa barabara ile. Na kule ndani wanataka abiria awe amefika mapema kabla ya saa saba. "Inawezekana," akasema, "kama atakunywa maji na kuondoka."

"Wali atafungiwa," nikasema.

Saa tano na kitu Twalibu alikuwa juu ya bodaboda, tunamsikia kwa upepo. Kisha akakata. Kisha akapiga tena, na safari hii hakukuwa na upepo, kulikuwa na honi nyingi na watu wanaongea.

"Mko wapi?" Hamidu akauliza.

"Hatujafika Gongo la Mboto. Maji yamekata barabara. Kuna lori limezama katikati, magari yamesimama, na boda hazivuki. Watu wanavuka kwa miguu, maji ya kiunoni."

Bi Mwamvita akaacha kumenya.

"Dereva anasema tuzunguke," Twalibu akaendelea, "lakini hajui kama huko nako kunapitika. Mama yupo?"

"Nipo, baba."

"Mama, nikivuka kwa miguu nikapata boda ng'ambo, nakuja. Nafika nyumbani. Lakini kurudi sitawahi, ndege itaniacha. Tiketi ni moja, na Jumatatu nisipoonekana wana mtu mwingine. Sasa sema wewe. Ukisema nije, navua viatu."

Alikuwa anasema kweli, mimi mume wangu namjua. Angevua viatu. Nilijikuta nimembana Rukaya mpaka akaamka. Nilitaka aje. Sitaficha, nilitaka hata kwa dakika ile moja tu, amshike mtoto nami nikae chini na mikono mitupu. Lakini neno halikuwa langu.

Mama mkwe alikuwa anatazama mtungi. Mvua ilikuwa inaingia upenuni na kuudondokea mgongoni, ukimeta. Alikaa hivyo mpaka Hamidu akadhani simu imekatika, akaichungulia.

"Rudi, mwanangu," akasema.

"Mama, nimekwisha kukaribia."

"Hujakaribia. Rudi kabla maji hayajakufungia na nyuma."

Tulisikia honi. Halafu Twalibu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Na kichwa cha mtoto?"

Bi Sikudhani alinigeukia mimi. "Mama Rukaya, kaa kizingitini."

Nikakaa. Nikampakata mtoto, uso wake ukitazama nje. Mama mkwe akachota maji ya mtungi kwa kata, akamwaga kwenye bakuli, akaja kuchuchumaa mbele yetu na simu mkononi.

"Twalibu, niko kizingitini. Mtoto amepakatwa. Maji haya hapa. Mwambie mwenyewe."

Akaiweka simu kwenye sikio la Rukaya. Hatukuiondoa sauti kubwa, kwa hiyo sote tulisikia.

"Rukaya," mume wangu akasema. Ilibidi aanze tena. "Rukaya, mimi ni baba yako. Niko kwenye maji huku. Bibi yako atakulowesha kwa niaba yangu. Mkono wake ni mkono wangu, ndio ulionilea. Umesikia, mama?"

Haikujulikana anamwita nani mama, mtoto au mama yake. Wote wawili walikuwa wanatazama simu. Rukaya akainyakua akaitia mdomoni.

"Amesikia," nikamwambia. "Ameanza kukula."

Twalibu akacheka, nikasikia anapenga kamasi. Dereva wake akamwambia kitu. "Narudi," akasema. "Narudi sasa hivi."

Simu ikakatika. Bi Sikudhani akaipangusa mate kwa upande wa kanga, akampa Hamidu. Kisha akaufungua mkono wake wa kulia, akautazama kiganjani, kama watu wanavyotazama chombo kabla ya kukipakulia. Akautumbukiza kwenye bakuli. Akauweka juu ya kichwa cha mwanangu.

Maji yalishuka mpaka kwenye kola ya gauni la njano. Alilowesha mbele, akalowesha kisogo, akafuata nyuma ya masikio ambako vipele vilikuwa vibaya kuliko pengine, na pale alienda kwa ncha za vidole. Rukaya hakulia. Maji yalikuwa baridi na kichwa chake kilikuwa na moto.

"Mwamvita, lete wembe," mama mkwe akasema.

"Unyoe wewe?"

"Nani mwingine? Wewe ulishajinyoa nyusi ukabaki kama yai."

Bi Mwamvita alikwenda dukani kuleta wembe mpya na sabuni, akachelewa kwa mvua mpaka saa saba ikakaribia. Hamidu akaondoka pale, akajifanya anatazama mfereji wa bati. Mimi nilikishika kichwa cha mtoto kwa mikono miwili, mama mkwe akaanza kutoka mbele. Nywele zikawa zinaanguka kwenye sahani, mafungu mafungu, mazito, na chini yake ngozi ikaonekana nyekundu, imechoka, kama ngozi ya mtu aliyevaa kofia ya sufu mwaka mzima.

Alikuwa amefika utosini tuliposikia ngurumo. Ndege ilikuwa inapanda kutoka upande wa kiwanjani, inakuja juu yetu. Ilikuwa ndani ya mawingu, hatukuiona, ila bati likaanza kutetemeka na Rukaya akainua macho. Bi Sikudhani akauondoa wembe kichwani, akausimamisha hewani, mkono mwingine umelifunika paji la mtoto. Akasubiri. Hakuna aliyesema kama ndiyo ya Twalibu au siyo. Saa saba ilikuwa imekwisha kupita, yawezekana ilikuwa yake. Sauti ikapita juu ya mkorosho, ikaenda, ikapungua, ikabaki mvua. Ndipo akaurudisha wembe chini akaendelea.

Hakunyoa zote. Kisogoni, pale kwenye kishimo cha shingo, aliacha fungu dogo, duara, kiasi cha kifuniko cha chupa ya soda.

"Hizi za baba yake," akasema. "Atakuja kuzikuta."

Zilizonyolewa akazifunga kwenye kitambaa cheupe, akaenda nazo mwenyewe chini ya mkorosho, kwenye mvua, bila mwavuli, na jembe dogo. Alikaa huko zaidi ya kuchimba kunavyotaka. Bi Mwamvita alinishika bega nilipotaka kumfuata. "Mwache," akasema. "Ana wawili wa kuzungumza nao huko. Nywele za Jabiri nazo alizizika hapo."

Rukaya alinyonya, akalala. Nikajilaza pembeni yake kwenye mkeka, nikisema nafumba macho tu. Nilipoyafumbua ilikuwa magharibi, nimefunikwa kanga ya mama mkwe, na mtoto bado amelala, mkono wake haumo kichwani. Vyombo vilikuwa vimeoshwa. Wali ulikuwa umekwisha kuliwa, ila sahani yangu ilikuwa imefunikwa.

Mama mkwe alikuwa upenuni anaongea na simu. Twalibu alikuwa amefika. Mwanza waliketi tena kusubiri, akasema, na Bukoba nako mvua, lakini amefika, na miguu imevimba kwa kukaa. Aliuliza kama mtoto alilia. Akaambiwa hakulia. Aliuliza mimi niko wapi.

"Amelala. Usimwamshe." Bi Sikudhani aliona nimefumbua macho, hakumwambia. Alikuwa na kitu anataka kuuliza, nilimjua kwa jinsi anavyoivuta kanga begani.

"Hapo kiwanjani mpaka unapolala ni mbali?"

"Si mbali, mama. Ni karibu tu."

"Karibu sitaki kusikia tena," akasema. "Niambie kama njiani kuna maji."